Tarehe Zilizolala Kushoto: kisa cha atachimenti moja ya kompyuta Mombasa

Logibuku yenyewe, daftari ambamo mwanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo kazini, huandika kazi zake za kila siku, ina jalada la samawati, na kurasa zake za wiki ya kwanza hadi ya tano zinasomeka kama kanda iliyokwama. Jumatatu: "Nimesaidia kazi za ofisi." Jumanne: "Nimetoa fotokopi." Jumatano: "Nimebadilisha tona ya printa." Alhamisi, fotokopi tena. Kila Ijumaa kuna sahihi ya msimamizi, muhuri wa kampuni, na neno moja: "Vizuri."

Niliifungua wiki ya sita, nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya kampuni ya kliaring, wakala wa kuwatolea wateja mizigo bandarini, orofa ya pili, karibu na barabara ya Moi. Mwenye logibuku alikuwa amesimama kando yangu, binti wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, aliyekuwa miongoni mwa watatu wa kwanza katika somo langu la hifadhidata. Mimi ndiye mhadhiri niliyetumwa kumkagua. Nilikuwa na wanafunzi 31 wa kutembelea ndani ya wiki tatu, kutoka Mtwapa hadi Miritini, na ningeweza kabisa kutia alama zangu, kunywa soda niliyoletewa, nikashuka ngazi. Nakiri wengine niliwafanyia hivyo.

Majina nimeyaacha makusudi, la chuo pia. Kisa chenyewe nakieleza kwa urefu kwa sababu kilinionyesha ni wapi hasa atachimenti zetu huharibika, na si pale nilipokuwa nikipalaumu siku zote. Nilizoea kuwalaumu waajiri.

Alifikaje pale? Kwa barua. Chuo humpa mwanafunzi barua ya "Kwa anayehusika", inayoomba apewe nafasi ya mafunzo kazini kwa wiki 12 kati ya Mei na Agosti, na kueleza kwamba bima amekatiwa. Barua ni hiyo hiyo moja kwa wote. Kinachobadilika ni jina na nambari ya usajili. Hakuna mstari hata mmoja unaotaja kazi. Mwanafunzi huichukua akaizungusha mjini mwenyewe. Huyu aliizungusha ofisi kumi na nne. Ofisi kubwa zilimwambia nafasi zilijaa tangu Februari. Hoteli mbili za pwani zilikuwa tayari kumpokea, ila akae mapokezi na kuandikisha wageni. Ya kumi na tano ilimkubali kwa sababu tajiri, yaani mwenye kampuni, husali msikiti mmoja na mjomba wake. Sisemi hili kwa kejeli. Nafasi nyingi za wanafunzi wangu hupatikana hivyo, na asiye na mjomba huhangaika.

Mshahara hakuna. Binti anakaa Likoni. Feri kwa anayevuka kwa miguu ni bure, lakini matatu si bure, na kwa hesabu yake alitumia shilingi 100 kwa siku kwenda na kurudi. Siku 60 za kazi ni shilingi 6,000, hapo hajala. Chakula alibeba kutoka nyumbani: mahamri manne kwenye kikopo cha siagi, wakati mwingine mbaazi.

Basi nikamfuata tajiri ndani. Mzee wa miaka sitini na kitu, kofia ya kiua, simu mbili mezani na ya tatu sikioni. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba mwanafunzi wa kompyuta hatakiwi kukaa wiki tano kwenye mashine ya fotokopi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta droo, akatoa barua yetu na kuiweka mbele yangu.

"Mwalimu, nyinyi mwaniletea mtoto na karatasi. Karatasi yasema nimsaidie. Nami namsaidia. Nimemketisha chini ya feni, nampa chai saa nne, na jioni simcheleweshi kwa sababu ya feri. Hebu nisomee hapa, ni wapi mmeandika afanye nini?"

Niliisoma. Hapakuwa na mahali.

Nimewahi kusoma habari za mtindo ambao wenzetu wa Amerika Kaskazini huuita ko-opu (hapa mjini ukilitamka neno hilo, mtu atadhani waenda benki kuchukua mkopo). Asili yake ni Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka wa 1906. Mwalimu wa uhandisi, Herman Schneider, alichukua wanafunzi 27, akawapanga kwa zamu: hawa wako darasani wiki hii, wale wako karakanani, wiki inayofuata wanapokezana. Mwenye karakana hakuwahi kukuta kiti kitupu. Waterloo, kule Kanada, ilianza 1957, na ndiyo watu wa kompyuta huitaja zaidi. Mwanafunzi husoma muhula wa miezi minne, kisha hufanya kazi miezi minne, huku na huku hivyo hivyo mpaka shahada iishe baada ya karibu miaka mitano. Kazi hutangazwa kwanza, ikiwa imeandikwa ni kazi gani na inahitaji ujuzi gani. Mwanafunzi huomba na kusailiwa. Baadaye mwajiri huwapanga wanafunzi kwa jinsi alivyowapenda, wanafunzi nao huwapanga waajiri, kompyuta ikaoanisha. Hulipwa mshahara. Kazi ikiisha hutathminiwa na mwajiri, huandika ripoti, na zamu ijayo aweza kurudi pale pale au kwenda pengine.

Hatuwezi kuibeba Waterloo tukaitua Tudor, hapa Mombasa. Ratiba ya namna ile yataka chuo kisichofunga, na mhadhiri aliye tayari kufundisha somo lile lile mara mbili au tatu kwa mwaka kwa sababu nusu ya darasa iko kazini. Inahitaji pia waajiri wengi wenye kazi za kompyuta. Kebo za intaneti za baharini zinatua Mombasa, TEAMS na SEACOM mwaka wa 2009, EASSy mwaka uliofuata, lakini kazi zinazopita ndani ya kebo hizo nyingi huteremkia Nairobi, na vijana wangu hupanda treni kuzifuata. Hata pesa za mafunzo si kwamba hazipo kabisa. Sheria inamtaka mwajiri kulipa ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, chini ya mamlaka iitwayo NITA. Tajiri wetu alikuwa akilipa mwaka nenda mwaka rudi, asijue kama ushuru ule una udugu wowote na binti aliyeketi chini ya feni.

Ila kuandika kazi kwanza, kabla ya kumpeleka mtu, hakuhitaji fedha wala ratiba mpya. Nilipogeuza ile barua na kuiweka uso chini mezani kwa mzee, hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani. Nikamwuliza: katika ofisi hii ni kitu gani kinakuumiza kichwa kila mwezi?

Hakufikiri hata kidogo. "Dimareji."

Kwa asiyejua: kontena ni la meli, mteja huazimwa tu. Likishushwa bandarini, kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure. Zikipita bila kontena kurudishwa tupu, kila siku ina bei yake, ndiyo dimareji, na bei hupanda kadiri unavyochelewa. Bandari nayo ina hesabu yake ya uhifadhi, mbali na hiyo. Kampuni ndogo ya kliaring inaweza kushughulikia makontena 40 kwa mwezi kutoka meli mbalimbali, kila moja na masharti yake, na kumbukumbu yote iko kwenye jedwali moja la Excel na kwenye kichwa cha karani mmoja. Karani wa pale alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kalenda kubwa ukutani aliyoizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu.

Nyuma ya barua tukaandika mistari mitatu kwa Kiswahili. Wa kwanza: binti akae na karani wiki moja, ajifunze safari ya kontena kutoka manifesti, orodha ya mizigo ya meli, hadi kurudishwa tupu. Wa pili: atengeneze programu ndogo ya kuonya siku tatu kabla siku za bure hazijaisha. Wa tatu, ambao mzee mwenyewe aliung'ang'ania: asiguse mfumo wa forodha. Tukatia sahihi watu watatu. Shughuli nzima ilituchukua dakika ishirini, na naiona leo kama dakika ishirini zenye faida kuliko zote katika ukaguzi wangu wa mwaka ule.

Logibuku ikabadilika sauti. Ukurasa wa wiki ya saba una michoro, mishale, na maneno yaliyokatwa. Siku moja ameandika: "Leo nimejua kwa nini nambari ya kontena ina tarakimu ya mwisho iliyofungiwa kisanduku." Alikuwa ameona kwamba karani mara nyingine hugeuza tarakimu akiandika kwa haraka, 54 ikawa 45, na nusu saa hupotea kutafuta kontena lisilokuwepo. Nambari ya kontena, kwa kiwango cha ISO 6346, ni herufi nne, tarakimu sita, halafu hiyo moja ya kukagua kama nyingine zimeandikwa sawa. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, na kila kigawe cha 11 kinarukwa. Ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, unaendelea kuzidisha maradufu hadi nafasi ya kumi, unajumlisha, unagawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho kinachotakiwa kuwa ndani ya kisanduku. Kikibaki 10 huandikwa 0. Aliifanya kwa mkono kwanza, pembeni mwa ukurasa, kwa kontena lililokuwa mezani. Ilipotoka sawa, akachora nyota. Darasani nimefundisha tarakimu za kukagua miaka minane na sijawahi kuona mtu akizichorea nyota.

Mwisho wa wiki ya nane programu ilikuwa ikifanya kazi. Iliandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ikisoma lile jedwali kila asubuhi na kutoa orodha fupi: nyekundu kwa zilizobakisha siku tatu au chini, kijani kwa zilizo salama. Ofisi haikuwa na mashine ya ziada, kwa hiyo ilikuwa kwenye laptopu yake mwenyewe. Karani aliipenda mno. Kufikia wiki ya kumi alikuwa ameacha kuzungushia kalenda.

Wiki ya kumi na moja kampuni ikatozwa dimareji ya siku mbili kwa kontena ambalo programu ilisema ni salama.

Nilipigiwa simu nikiwa Changamwe, na nilipofika nilimkuta binti ameinama mbele ya laptopu, macho mekundu. Alikuwa amekagua msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu, mara tatu na hakuona kosa. Kweli halikuwemo. Kontena lilishuka tarehe 9 Julai. Karani aliandika 09/07 kama anavyoandika kila mtu hapa, siku kwanza, mwezi baadaye. Kompyuta yake ilikuwa imewekwa mpangilio wa Kimarekani tangu iliponunuliwa, ikaisoma mwezi wa tisa, tarehe saba. Kwake yeye ilionekana sawa, maana skrini ilimrudishia kile kile alichoandika. Ndani ya faili, kontena lilikuwa halijafika bado, lingefika Septemba.

Aliyegundua ni binti, na namna alivyogundua nitaikumbuka. Aliacha kusoma tarehe akaanza kuzitazama tu, kama mtu anayetazama nguo kwenye kamba. Akasema, "Mwalimu, mbona zingine zimelala kushoto?" Nikaangalia. Katika safu ile ile, tarehe za kuanzia 13 kwenda mbele zilikuwa zimeegemea ukuta wa kushoto wa kisanduku, na za chini yake zimeegemea kulia. Excel huegemeza tarehe kulia na maneno kushoto. Hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo 19/07 haikueleweka kuwa tarehe kabisa, ikaachwa kama neno, na programu ikairuka kimya. Zilizoeleweka, zote isipokuwa zile ambazo siku na mwezi ni nambari moja, zilieleweka vibaya. Kwa wiki mbili ile rangi ya kijani ilikuwa ya bahati tu.

Kabla ya programu kosa hilo lilikuwepo na halikumdhuru mtu. Karani hakuwa akitegemea faili. Alikumbuka meli, alikumbuka wateja, alikuwa na kalenda yake. Tulipompa kitu cha kukumbuka kwa niaba yake, akaacha kukumbuka. Hapo lawama naibeba mimi. Yule ni mwanafunzi. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema kwamba kwa wiki mbili za kwanza kalenda na programu ziende sambamba, na kila asubuhi zilinganishwe. Kazi ya msimamizi ni maneno kama hayo, na mtu anayekuja mara moja na logibuku mkononi hayasemi.

Kulikuwa na swali la nani alipe, na ile karatasi yetu ya mistari mitatu haikuligusa. Bima ya mwanafunzi ni ya kuumia, haihusu hasara ya kampuni. Mzee alikaa kimya kitambo, akizungusha tasbihi. Binti akajikaza, akasema, "Mzee, nisamehe. Nitajaribu kulipa kidogo kidogo." Mzee akacheka kabisa. "Utalipa na nini, mwanangu, mahamri? Hiyo ni ada. Mimi nimelipa ada kubwa kuliko hiyo kujifunza kazi hii, na sikupewa cheti." Siku iliyofuata alianza kumpa nauli.

Jambo jingine lilinisumbua ingawa halikuleta madhara. Katika zile wiki tano za fotokopi alipitisha mikononi mwake vitambulisho, pini za ushuru na ankara za wateja chungu nzima. Hakuna aliyemwambia neno juu ya siri za wateja, na hakutia sahihi popote. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data ya watu, na mimi mwenyewe huifundisha. Mstari wa nne ungefaa.

Ripoti aliandika, akaitetea, akapata A.

Wiki ya pili ya Septemba, Jumanne, nikiwa darasani, simu ikaita mara tatu. Mzee. Nilitoka nje kuipokea. Hakunisalimu kwa kirefu kama kawaida yake.

"Mwalimu, ile programu haiko."

Haikuwepo kwa sababu ilikuwa kwenye laptopu, na laptopu ilikuwa darasani kwangu, safu ya tatu, dirishani, mbele ya mwenyewe. Msimbo tuliuagiza uambatishwe mwisho wa ripoti, kurasa 11, na ripoti ilikuwa imetiwa jalada la plastiki kwenye rafu ya ofisi yetu. Kampuni ilibaki na mistari yetu mitatu, na hakuna hata mmoja uliosema mwishoni aache nini nyuma.

"Basi nirudishie huyo mtoto," mzee akasema. "Nitamlipa. Miezi mitatu tu, aikamilishe, amfundishe na karani. Arudi lini?"

Nikatazama ratiba iliyobandikwa mlangoni. Muhula ulikuwa na wiki 14, kisha mitihani, kisha muhula mwingine wa kufunga shahada. Kozi yetu ina atachimenti moja, na yake ilikwisha. Nilitafuta jibu la kumpa mzee kwa Kiswahili kizuri, nikalikosa. Nikamwambia nitamwuliza binti kuhusu Jumamosi.

Alikwenda Jumamosi tatu, akalipwa. Aliiweka programu kwenye kompyuta ya karani, akabadilisha mpangilio wa tarehe, akaifanya ikatae kufunguka ikikuta tarehe isiyoeleweka badala ya kuiruka. Jumamosi ya mwisho nilipita kuwasalimu. Kalenda ilikuwa imerudi ukutani na duara zake nyekundu. Chini yake, kwa mwandiko wa kalamu ya wino mweusi, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu:

"Ami, tarehe ikilala kushoto usiirekebishe. Niite."